Babu baharia: mtafute kwa meli, si kwa jina

Hapa Kigoma mtu akiniambia "babu alikuwa baharia", namuuliza: wa maji gani? Wa ziwani na wa maji chumvi wote tunawaita mabaharia, lakini karatasi zao hazikuwekwa pamoja hata siku moja.

Wa ziwani walikuwa watu wa reli. Meli za Ziwa Tanganyika ziliendeshwa na reli ya mkoloni, kuanzia 1948 zikawa za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na baada ya Jumuiya kuvunjika 1977 zikaangukia Shirika la Reli Tanzania. Kampuni ya meli inayojitegemea ni ya 1999. Kwa hiyo mchochea moto wa meli ya Liemba alikuwa mtumishi wa reli sawa na fundi wa karakana. Tafuta namba yake ya utumishi, karatasi ya mshahara, barua ya kiinua mgongo. Anza na sanduku la bibi kabla hujapanda ngazi za ofisi yoyote.

Historia ya meli nayo hupima masimulizi. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaja Dar es Salaam ikiwa vipande, ikapakiwa kwenye treni, ikaingia majini hapa Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi ikiitwa Liemba. Mzee akisisitiza kwamba marehemu aliipanda 1920, simbishii. Namuuliza tu ilikuwa kabla haijazamishwa au baada ya Waingereza kuiibua.

Kwa wale waliotoka Ujiji wakashukia pwani na kuandikwa kwenye meli za biashara za Waingereza, kazi ni ndefu lakini karatasi ni nyingi. Makosa ya wengi ni kuandika jina la babu kwenye mtandao na kungoja. Karani wa bandarini aliandika alichosikia: Selemani anaweza kuwa Slimman, na "bin" ikageuzwa jina la ukoo, mtu akapangwa kwenye herufi B. Mahali pa kuzaliwa pia usipaamini sana. Aliyezaliwa Ujiji anaweza kusomeka Zanzibar.

Meli haina tabu hiyo. Kwa sheria ya 1854 kila meli iliyosajiliwa Uingereza ilipewa namba rasmi, na namba haibadiliki hata meli ikiuzwa na kubatizwa upya. Ukiwa nayo, unaomba mkataba wa mabaharia wa safari husika, yaani karatasi walimoandikwa wote waliofanya kazi melini. Sehemu kubwa ya mikataba ya 1863 hadi 1938 iko Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, Kanada. Ya miaka mingi inayoishia na 5 iko Greenwich, London. Ile ya 1915 imenakiliwa na inasomwa bure mtandaoni.

Ndani ya mkataba, mimi hukimbilia safu ya meli aliyotoka kabla ya hiyo. Safu hiyo moja inakurudisha kwenye mkataba wa nyuma yake, na huo kwenye mwingine, mpaka pengine unafika siku aliyoandikwa mara ya kwanza.

Ukija kwangu, njoo na jina la meli, hata kama familia inalitamka kienyeji. Nitalilinganisha na meli zilizokuwa zikitia nanga Zanzibar na Mombasa miaka hiyo.