Priampu si kipaza sauti

Mwezi uliopita tulikuwa Uyole tukirekodi nyimbo sita za kwaya moja. Nilipoweka mezani kisanduku kidogo kisichozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo, nikachomeka waya wa maiki upande mmoja na waya wa kinasa upande wa pili, mwenyekiti wa kwaya, mzee ninayemheshimu sana, alikitazama muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniuliza: "Kijana wangu, hicho kipaza sauti kipya mbona hakipazi?" Waimbaji walicheka, nami nikacheka nao, lakini swali lile halikuwa la kwanza la aina yake. Fundi mitambo mmoja wa Mwanjelwa hukiita kisanduku hicho ampu ndogo, mwalimu wa kwaya hukiita miksa, na zaidi ya mara moja nimepigiwa simu kutoka Iringa na watu wanaotaka "ile priampu ya kuongeza sauti ukumbini". Hakuna priampu ya namna hiyo, na anayeinunua kwa matumaini hayo atarudi nyumbani na hasara.

Priampu ni kifaa cha kielektroniki kinachopokea ishara dhaifu ya umeme kutoka kwenye maiki na kuikuza hadi ifikie kiwango ambacho kinasa, miksa au kompyuta inaweza kuifanyia kazi. Priampu ya kubebeka hufanya kazi hiyohiyo nje ya studio, kwa nguvu ya betri au kwa umeme wa waya wa USB. Maana ni hiyo tu, na kama majina ya vifaa vyetu yangekuwa yametulia ningeweza kuishia hapa.

Majina hayajatulia, na chanzo cha vurugu ni neno "kipaza sauti". Katika mazungumzo ya kawaida neno hilo hubeba vifaa vitatu kwa pamoja: maiki anayoishika mhubiri, ampu iliyo kabatini, na spika iliyotundikwa ukutani. Tukilichunguza neno lenyewe tunaona kwamba halina kosa lolote; limetwishwa mzigo usio wake. Kitenzi "paa" kinazaa "paza", kama "jaa" inavyozaa "jaza" na "kua" inavyozaa "kuza". Kupaza ni kukifanya kitu kipae, na mtu anayepaza sauti huirusha juu ya vichwa vya watu ili wa mbali naye asikie. (Kupaaza, kwa irabu mbili, ni kusaga nafaka bila kuilainisha, na hilo tuwaachie wenye vinu.) Kwa hiyo kifaa kinachostahili kuitwa kipaza sauti ni kile kinachoitoa sauti hewani kuwafikia watu, nacho ni spika peke yake. Maiki haipazi kitu, kwa sababu kazi yake ni kinyume cha kupaza: huichukua sauti iliyo hewani na kuigeuza kuwa umeme, kama mtego unavyonasa ndege. Jina "kinasa sauti" lingeikaa vizuri sana, isipokuwa kwamba liliwahiwa na mashine ya kurekodia tangu enzi za kanda, na sina matumaini ya kulirudisha.

Katikati ya kunasa na kupaza ndipo panapokaa kukuza, na hapo ndipo mahali pa priampu. Tofauti ya vitenzi hivi si ya kupamba maneno. Kitu kinachokua hubaki kilekile, ila kinakuwa kikubwa zaidi. Mtoto aliyekua hajawa mtu mwingine, wala hajaruka angani. Priampu nzuri huikuza ishara kwa namna hiyo, bila kuibadilisha sura na bila kuifanya isikike na mtu yeyote aliye chumbani, maana kinachopita ndani yake ni umeme tangu inapoingia hadi inapotoka. Ukiiwasha bila kuunganisha spika wala hedifoni, unaweza kukaa nayo siku nzima usisikie hata mnong'ono, na haitakuwa mbovu.

Neno la kigeni lenyewe linakubaliana na hayo. "Ampu" ni ufupisho wa amplifaya, ambalo asili yake ni Kilatini *amplus*, yaani pana au kubwa. Na "pri" inatokana na *prae*, yaani kabla. Maikrofoni limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, *mikros* lenye maana ya dogo na *phone* lenye maana ya sauti. Charles Wheatstone wa Uingereza alilitumia mwaka 1827 kwa chombo cha kusikilizia sauti hafifu ambacho hakikuwa na umeme wowote, kisha David Edward Hughes akalifufua mwaka 1878 kwa maiki yake ya kaboni. Tangu mwanzo, basi, jina la maiki lilihusu udogo wa sauti, wakati sisi huku tumeipa maiki jina la kupaa.

Kosa jingine limejificha katika hiyo "kabla". Wengine hutafsiri priampu kuwa "ampu ya awali", nami nakubaliana nao, ila msikilizaji wa Tanzania akisikia "awali" hufikiria shule ya awali, na hapo huhitimisha kwamba ni ampu ya wanaoanza, ambayo mtu ataiacha akishapata fedha za kununua ampu kubwa. Uawali huu si wa umri wala wa uwezo. Ni wa nafasi kwenye foleni: ishara hupita hapa kwanza, kabla ya kifaa kingine chochote kuigusa.

Nafasi hiyo ina sababu, na sababu yenyewe inaonekana kwa hesabu ndogo. Maiki ya dainamiki ya kawaida, yaani ile isiyohitaji kulishwa umeme, ikiimbiwa kwa nguvu ya desibeli 94 mahali ilipo (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti na wa ishara), hutoa takriban milivolti 2. Vifaa vya kitaalamu vya sauti hutarajia kiwango cha laini, yaani nguvu ya ishara inayopita kati ya kifaa na kifaa, cha takriban volti 1.23. Ili kutoka kwenye ya kwanza kufikia ya pili, ishara inapaswa kuzidishwa mara 600 hivi, ambayo kwa lugha ya mafundi ni geini, yaani kiasi cha kukuza, ya desibeli 56. Mtu anayepiga ligombo, ile ala ya nyuzi ya Wahehe ambayo mlio wake ni wa upole kiasi kwamba anayekohoa nyuma ya chumba huufunika, hutoa ishara iliyo ndogo zaidi ya hiyo, na geini inayohitajika inaweza kupita desibeli 60, yaani zaidi ya mara 1,000.

Sasa, kila saketi ya kielektroniki huongeza mvumo wake mdogo, ule unaosikika kama mvua ya rasharasha. Mvumo unaoingia hatua ya kwanza hukuzwa na hatua zote zinazofuata, ilhali unaoingia mwishoni hukuta ishara imeshakuwa kubwa na hauna madhara makubwa. Ni kama mchanga kwenye mahindi: ukiuacha upite hadi kinuni, hakuna chekecheke litakaloutoa kwenye unga. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu yuko tayari kutumia fedha nyingi kwenye hatua ya kwanza na kuridhika na vifaa vya wastani baada ya hapo, na ndiyo maana pia hailingani na ukweli kusema, kama ninavyosikia kila mara, "tutarekodi hivihivi kwa chini, prodyuza atapandisha baadaye". Prodyuza atapandisha kweli, lakini atapandisha mahindi pamoja na mchanga.

Hapo tunafika kwenye jambo linaloniudhi kuliko majina, nalo ni kuchanganya geini na volyumu. Vifundo vyote viwili ni vya mviringo, vyote huzungushwa kulia, na vyote vikizungushwa mwenye hedifoni husikia sauti imeongezeka; ndiyo maana watu huamini ni kitu kimoja chenye majina mawili. Geini iko mlangoni. Huamua ishara ya maiki itakuzwa kiasi gani inapoingia, na uamuzi wake huandikwa moja kwa moja ndani ya rekodi. Volyumu ya hedifoni iko dirishani. Huamua wewe unayesikiliza utasikia kwa ukubwa gani, na rekodi haina habari nayo.

Nimewahi kulipia tofauti hiyo. Tulikuwa Tukuyu, mwimbaji aliyevaa hedifoni akasema masikio yanamuuma, na kijana aliyekuwa akinisaidia, kwa nia njema kabisa, akapunguza kifundo kilichokuwa karibu na mkono wake. Kilikuwa cha geini. Masikio ya mwimbaji yalipona, na nyimbo tatu zilizofuata zikaingia kwenye kinasa kwa udhaifu kiasi kwamba tulipozikuza baadaye tulipata waimbaji na mvumo kwa vipimo vinavyokaribiana. Yeye aliambiwa "punguza sauti", na sauti akaipunguza. Aliyestahili lawama ni mimi niliyekubali neno moja litumike kwa vifundo viwili.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Geini ikizidi, ishara hugonga dari ya kifaa na vilele vyake hukatwa. Masikioni tunasema sauti inapasuka au inakwaruza, na kilichokatwa hakishonwi. Katika kinasa cha kidijitali dari hiyo ni desibeli 0 kwenye kipimo chake, kwa hiyo mimi huweka geini ili sehemu kubwa kuliko zote ya wimbo ifike kama desibeli 12 chini ya dari, nikijiachia nafasi ya mtu atakayesisimka. Sehemu kubwa haipatikani kwa kusema "moja, mbili, moja, mbili" mbele ya maiki. Iombe kwaya iimbe kiitikio cha mwisho kama itakavyokiimba kweli, besi wote wakiwemo, ndipo ushike kifundo.

Priampu ya kubebeka ina kitufe kingine kinacholeta maneno mengi, kilichoandikwa 48V, nacho ni cha umeme wa fantomu. Kuna wanaoudhania kuwa unaongeza geini, na kuna wanaouogopa kwa sababu ya jina, ambalo kwa kweli maana yake ni mzuka. Umeme huo ni wa kulisha maiki za kondensa, zisizoweza kufanya kazi bila nguvu kutoka nje, na umeitwa mzuka kwa sababu hupanda kwenye nyaya zilezile zinazobeba sauti bila kuwa na waya wake. Kampuni ya Neumann ya Ujerumani iliutengeneza mwaka 1966 kwa ajili ya redio ya taifa ya Norway, na volti 48 zilichaguliwa kwa kuwa studio za huko tayari zilikuwa na umeme wa kiwango hicho kwa taa za dharura. Maiki ya dainamiki yenye waya mzima haiuhitaji wala haidhuriki nao. Maiki za riboni za zamani, zenye utepe mwembamba wa metali ndani, ndizo za kuepushwa nao. Kinachowagusa watu wa nyanda zetu zaidi ni kwamba umeme huo humaliza betri haraka, na betri zenyewe hulegea kwenye baridi. Asubuhi za Juni huko Njombe au juu Kitulo mimi huweka betri za akiba katika mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, na huwasha fantomu pale tu maiki inapoidai. Betri nazisifu kwa jambo jingine: kifaa kisichochomekwa ukutani hukwepa kwa urahisi ule muungurumo wa hertzi 50 unaoletwa na umeme wa gridi.

Kuna jambo ambalo hata priampu ya bei kubwa haiwezi, nalo ni kuchagua. Hukuza kila kilichonaswa, na kama mvua ya Rungwe inapiga bati la kanisa, bati litakua pamoja na soprano kwa kipimo kilekile. Dawa ya hapo ni miguu. Mahali palipo wazi, ukipunguza umbali wa maiki na mwimbaji kwa nusu unapata karibu desibeli 6 za mwimbaji peke yake, bila mvua kuongezeka na bila kugusa kifundo.

Nimrudie mwenyekiti wetu wa Uyole. Nilimweleza kwa kifupi kuliko hivi kwamba kisanduku kile hakipazi kwa sababu hakikuumbwa kupaza. Kinachopaza ni spika ile pale ukutani, ambayo siku hiyo tulikuwa tumeizima makusudi ili maiki isiinase. Akauliza akiiteje basi. Nikamwambia, "Priampu, mzee, au ukipenda, kikuza awali." Alilirudia jina hilo mara mbili kwa sauti ya chini, akaridhika nalo, kisha akawageukia waimbaji na kuwaambia watulie kwa kuwa kikuza awali kinawasikiliza. Anayesikiliza ni maiki, lakini hilo nilimwekea akiba ya siku nyingine.