Homa ya utitiri na ramani iliyopitwa na jeni

Homa kali, kichwa kinagonga, kipimo hakionyeshi malaria. Kwetu hapo mgonjwa huambiwa ni taifodi. Kule Thailand au Japani, daktari mzoefu atamkagua kwanza kinenani, kwapani na nyuma ya magoti, akitafuta kidonda kidogo kisichouma, chenye kigaga cheusi. Ndipo utitiri ulipomuuma, tena ule mchanga tu, maana ukishakomaa hauna haja na watu. Ugonjwa ni taifasi ya vichakani, na bakteria wake ni *Orientia tsutsugamushi*.

Kigaga hicho hakitupwi. Maabara hukitafutia DNA ya bakteria kwa kipimo cha PCR, kinachozidisha nakala za DNA hata ikiwa kidogo sana, na mara nyingi hupatikana hata pale damu isipoonyesha kitu. Jeni inayosomwa zaidi ni ya protini ya ganda la nje, ile yenye uzito wa kilodaltoni 56 (kipimo cha uzito wa molekuli). Hubadilika mno: aina za bakteria huyu ziitwazo Karp, Kato na Gilliam kila moja ina yake. Ndiyo maana aliyepona huweza kuugua tena, na chanjo haijapatikana.

Kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya bakteria, kulisumbua zaidi. Aina ya Boryong, ya Korea Kusini, ilisomwa mwaka 2007: herufi za DNA milioni 2.1 hivi, zaidi ya theluthi ikiwa vipande vinavyojirudia. Ni sawa na kupewa wimbo uliochanwachanwa, kila karatasi ina kiitikio kilekile. Utajuaje ni cha ubeti upi? Mashine zinazosoma vipande virefu ndizo zilizorahisisha kazi.

Vitabu vilishazoea kuufungia ugonjwa huu Asia na kaskazini mwa Australia. Mwaka 2006 mgonjwa mmoja aliupata Dubai, na jeni za bakteria wake zikatofautiana kiasi cha kuitwa spishi mpya, *Orientia chuto*. Mwaka huohuo mwingine aliugua kisiwani Chiloé, Chile. Baadaye, Baringo nchini Kenya, DNA ya jamii ya Orientia ilipatikana kwenye utitiri waliotolewa kwa panya.

Kwa maoni yangu, hiyo ya Baringo inatosha kumfanya tabibu wa huku aulize. Dawa ipo, doksisaiklini, na si ghali. Seftriaksoni, ambayo wengi huchomwa kwa kudhaniwa wana taifodi, haimgusi bakteria huyu. Homa isiposhuka, mgonjwa avue nguo akaguliwe.