Shida peke yake haimkomazi mtoto

Wengi tumelelewa na imani kwamba mtoto hukomazwa na shida: mwache alie, mnyime, akiwa mkubwa hatatetereka. Imani hii ni kongwe, na kwa sehemu kubwa si sahihi.

Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi utu uzima. Karibu theluthi yao walikulia katika mazingira magumu: umaskini, ugomvi wa nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Kama shida ingekuwa dawa, wote hao wangeimarika. Ni theluthi moja hivi tu waliofika ujanani bila kuyumba. Jambo lililojirudia kwao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kumtegemea: bibi, shangazi, mwalimu, hata jirani. (Na wengi wa walioyumba walijirekebisha baadaye, jambo ambalo husahaulika.)

Sisemi mtoto adekezwe, la hasha. Mtume dukani peke yake. Akirudi na chenji pungufu, ihesabuni pamoja, kisha arudi akaidai mwenyewe. Aibu kidogo ataipata, ila anajua nyumbani kuna mtu. Akipigwa kofi kwa chenji hiyohiyo, safari ijayo ataficha.