"Nimemtolea Mungu, mchungaji akiila ni juu yake" na dhana nyingine ninazozisikia kila kashfa ya kanisa inapoibuka

Hivi karibuni nilimaliza kukagua hesabu za kanisa moja ambalo magari na nyumba za kiongozi wake vimezungumzwa sana. Fedha za mfuko wa ujenzi zilikuwa zimehamishwa mara kadhaa kwenda kwenye kampuni ya shemeji yake, na jengo lenyewe lilikuwa halijavuka msingi. Niliwaeleza wajumbe nilichokiona, ukurasa kwa ukurasa. Nilipomaliza, mama mmoja mtu mzima, ambaye alikuwa ametoa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake kwa ajili ya jengo hilo, aliniangalia kwa upole akasema: "Mwanangu, mimi nilimtolea Mungu. Akiila, ni yeye na Mungu wake." Waliomzunguka wakaitikia amina.

Nimekagua vitabu vya taasisi za dini kwa miaka mingi, na maneno hayo nimeyasikia kwa wazee, kwa vijana, kwa wahazini, hata kwa mawakili. Safari hii nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu. Uchungu wangu haukuwa kwa yule mama, kwa maana moyo wake ni safi kuliko wa wengi. Uliniuma kwa sababu hayo maneno yake ndiyo ufunguo anaouhitaji mwizi.

"Nimeshamtolea Mungu, kazi yangu imekwisha"

Wanaosema hivi hudhani wanasema jambo la kiroho sana. Basi tuanze na Maandiko, kwa kuwa wao wenyewe ndiko wanakosimamia.

Soma 2 Wafalme sura ya 12. Mfalme Yoashi aliwaachia makuhani fedha zilizoletwa hekaluni ili watengeneze mabomoko ya nyumba. Ilipofika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, mabomoko yalikuwa palepale. Mfalme hakusema "watajibu wenyewe mbele za Mungu." Aliwaita akawauliza, akawakataza wasipokee fedha tena. Kuhani Yehoyada akachukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Kila fedha zilipojaa, walipanda watu wawili, karani wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu pamoja na kuzifunga mifukoni. Angalia hapo: mhesabuji mmoja alitoka nje ya ukuhani na mwingine ndani yake. Kitu hicho hicho ndicho ninachowaomba makanisa leo, na bado naambiwa naleta mambo ya dunia.

Halafu soma 2 Wakorintho 8. Paulo anapeleka mchango wa waumini Yerusalemu. Sura hiyo haitaji mtu aliyekuwa amemtuhumu kwa wizi wa mchango huo. Hata hivyo hakuubeba peke yake: makanisa yalichagua ndugu wa kusafiri nao, na anaeleza sababu bila kuficha, kwamba hataki mtu apate la kulaumu, na kwamba anataka mambo yawe mema mbele za Bwana na pia mbele ya wanadamu. Mtume mwenyewe aliona kwamba "mbele za Bwana" peke yake haitoshi. Na anayedhani fedha iliyotolewa kwa nia njema haiwezi kuibwa, asome Yohana 12:6. Aliyeshika mfuko alikuwa mwizi, na mfuko ulikuwa wa Yesu na wanafunzi wake.

Sasa upande wa sheria. Katika nchi nyingi kanisa lililosajiliwa ni mtu mbele ya sheria. Sadaka ikishatoka mkononi mwako haiwi ya kwako tena, hapo mko sahihi. Lakini haiwi ya mchungaji pia. Inakuwa mali ya kanisa, chini ya wadhamini ambao ni watunzaji tu. Na ukitoa kwa kusudi lililotajwa, mfano ujenzi au yatima, kusudi hilo linaifunga. Kuitumia kwa jambo jingine ni uvunjaji wa amana, hata kama jambo hilo jingine linaonekana jema.

Kesi inayoonyesha hili vizuri ni ya City Harvest Church ya Singapore. Mwaka 2015 mchungaji Kong Hee na viongozi wenzake watano walitiwa hatiani. Dola milioni 24 za nchi hiyo zilikuwa zimetolewa katika mfuko wa ujenzi na kuwekwa kwenye hatifungani (hati za mkopo) ambazo mahakama iliziona ni za bandia, na fedha hizo zikaenda kugharamia kazi ya muziki ya mke wa mchungaji. Baadaye milioni 26 nyingine zikazungushwa kutoka akaunti hadi akaunti ili ionekane hatifungani zimelipwa. Kwa lugha rahisi, kanisa lilijilipa deni kwa fedha zake lenyewe. Kong Hee alihukumiwa miaka minane, na rufaa ya 2017 ikaipunguza hadi mitatu na nusu.

Waumini walifanya nini? Wengi walisimama naye. Walipanga foleni usiku kucha ili wapate nafasi mahakamani, si kwa hasira, bali kumtia moyo. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba hakutia hata senti mfukoni mwake. Na kweli, suala la kujinufaisha binafsi halikuwa ndilo lililowatia hatiani. Hapo ndipo dhana hii inapoanguka. Mtoaji alisema "jenga," wao wakafanya kingine na kukifunika kwa karatasi. Aliyesimama pale akasema "mimi nimesamehe fedha yangu" alikuwa anasamehe kitu ambacho hakikuwa chake peke yake. Mjane aliyetoa pamoja naye hajaulizwa.

Hili ndilo ninalotaka yule mama alisikie. Kunyamaza kwako hakukugharimu wewe tu. Mfuko mmoja una watoaji mamia, na wapo waliolengwa kusaidiwa ambao hawakusaidiwa. Unaweza kusamehe deni lako. La mwenzako huna mamlaka nalo.

Na walioko nje ya kanisa nao wana namna yao ya kufanya kosa hilo hilo. Kashfa ikilipuka, wanasema "wote ni wezi, tulijua," wanacheka siku tatu, wanahamia habari nyingine. Mmoja amemwachia Mungu, mwingine amekata tamaa. Hakuna kati yao aliyeuliza akaunti ya ujenzi ina waweka saini wangapi.

Maswali yangu ni yale yale siku zote, na nawasihi myaulize hata kanisa lenu likiwa na mchungaji mnayempenda kama baba. Nani hupanga mshahara wake, na je, yeye huwa chumbani unapopangwa? Nani na nani huweka saini benki, na wana undugu gani? Taarifa ya benki husomwa na mtu gani asiye na saini? Sadaka ikihesabiwa, wahesabuji ni wangapi, na wanabadilishwa lini? Na sadaka ya kutuma kwa simu inaingia kwenye namba ya kanisa au kwenye namba ya mtu? Ukijibiwa "huna imani," umeshapata jibu.

"Msiwaguse masihi wangu"

Zaburi 105:15. Rudi nyuma mistari mitatu tu. Wanaolindwa pale ni akina Ibrahimu, wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa. Wanaokemewa ni wafalme. Ni onyo kwa wenye nguvu wasiwadhuru wasio na nguvu, nanyi mmeligeuza kuwa ngao ya mwenye walinzi na msafara dhidi ya mhazini anayetaka risiti. Daudi hakumuua Sauli, sawa. Lakini alitoka pangoni nyuma yake akiwa na kipande cha vazi lake mkononi, akamwita na kumwambia makosa yake waziwazi. Na 1 Timotheo 5 inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya kupokea mashitaka juu ya mzee, kisha inaagiza wadumuo katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Ushahidi kwanza, kisha uwazi. Sina la kuongeza.

"Ana mali nyingi, basi ni mwizi"

Hii ni ya upande wa pili, nami huikataa kwa nguvu ile ile. Nimeona viongozi matajiri ambao hesabu zao zilikuwa safi: biashara ya kabla ya wito, vitabu vinavyouzika, mshahara mnono uliopangwa na bodi isiyo na ndugu zao. Unaweza kusema si vizuri mtumishi aishi hivyo, na mimi nitakusikiliza. Lakini huo ni mjadala wa maadili, si ushahidi wa wizi. Nimeona pia mnyenyekevu wa viatu vilivyochakaa ambaye vitabu vyake vilinitoa jasho.

Askofu Franz-Peter Tebartz-van Elst wa Limburg, Ujerumani, aliitwa askofu wa anasa mwaka 2013 kwa sababu ya makazi yaliyogharimu euro zipatazo milioni 31. Papa Fransisko alipokea kujiuzulu kwake mwaka 2014. Watu walikumbuka beseni la kuogea na samani. Mimi niliangalia jinsi mradi uliotangazwa kuwa wa milioni chache ulivyoweza kufika huko bila mtu kuusimamisha. Aliyeweza kuusimamisha alikuwa nani, na alionyeshwa nini? Ukimkasirikia mtu kwa ajili ya beseni lake, anayemfuata atanunua beseni la bei nafuu na kuuacha udhaifu ule ule kwenye vitabu.

"Anayesema ni adui wa kanisa"

Katika kazi yangu, anayeleta habari ya kwanza karibu kila mara ni mtu wa ndani kabisa: mhazini, karani, dada anayehesabu sadaka, mzee wa kanisa aliyekosa usingizi. Adui wa nje hana nakala za hundi. Huko Seoul, David Yonggi Cho, mwanzilishi wa Yoido Full Gospel Church, alitiwa hatiani mwaka 2014 kwa kulitia kanisa hasara ya won zipatazo bilioni 13, kwa kununua hisa zilizohusiana na mwanawe kwa bei iliyozidi ile ya soko. Waliofikisha shauri hilo mbele ya sheria walikuwa wazee wa kanisa lake mwenyewe.

Kule Singapore, mwaka 2003, muumini mmoja alisema hadharani kwamba fedha za kanisa zinakuza muziki wa mke wa mchungaji. Aliishia kuomba radhi kwa matangazo ya magazetini. Hukumu ya hatia ilikuja miaka 12 baadaye. Huwa namfikiria mtu huyo mara nyingi.

"Ametubu, ameshalia, yaishe"

Msamaha mpe, leo hii ukitaka. Saini ya benki usimpe. Hayo ni mambo mawili tofauti na hayajawahi kuwa moja. Jimmy Swaggart, mhubiri wa televisheni wa Marekani, alilia mbele ya kamera Februari 1988 baada ya kashfa ya kahaba, na machozi yake yakazunguka dunia nzima. Dhehebu lake likamtaka akae nje ya mimbari mwaka mzima, akakataa, likamvua uchungaji. Mwaka 1991 kashfa ya namna ile ile ikarudi. Sisemi machozi yalikuwa ya uongo, maana moyo siwezi kuukagua. Nasema waliomtaka akae kando walikuwa wanampenda kuliko waliompigia makofi arudi.

"Mkaguzi alishapitisha hesabu"

Hii inanigusa mwenyewe. Jim Bakker na PTL, huduma yake ya mahubiri ya televisheni huko Marekani, waliuza uanachama wa maisha kwa dola 1,000, ukiwa na ahadi ya kulala siku tatu kila mwaka katika hoteli ya Heritage USA, bustani yao ya mapumziko na burudani. Waliuza nafasi nyingi kupita vyumba vilivyokuwepo, na fedha zikaendesha shughuli za kila siku na maisha ya wakubwa. Mwaka 1989 alitiwa hatiani kwa makosa 24 na kupewa miaka 45. Mahakama ya rufaa iliiacha hatia lakini ikaifuta adhabu, kwa sababu jaji alikuwa ameingiza hasira yake binafsi kama mtu wa dini wakati wa kuitoa. Hata jaji alishindwa kujizuia. Adhabu ikapungua hatimaye hadi miaka minane, akatoka 1994.

Wakati nafasi hizo zinauzwa, vitabu vilikuwa vinakaguliwa. Laventhol & Horwath, kampuni kubwa ya ukaguzi iliyokuwa na PTL miongoni mwa wateja wake, ilishitakiwa na watoaji, na mwaka 1990 ikafilisika ikiwa imelemewa na mashauri. Cheti safi cha mkaguzi kinasema kwamba, kwa kiwango cha uhakika kinachokubalika, hesabu hazina kosa kubwa la kumpotosha anayezisoma. Hakisemi hakuna aliyeiba. Daftari ambalo sikuletewa, sikulikagua. Ndiyo maana huwa naomba barua itoke benki moja kwa moja kuja kwangu, ikitaja akaunti zote zenye jina la kanisa, na kanisa likisita kuruhusu barua hiyo, huiacha kazi.

Yule mama alinipigia simu siku nne baadaye. Hakutaka kuzungumza habari za mchungaji. Aliuliza taarifa ya akaunti ya ujenzi huombwa kwa nani, na kama akienda na wenzake wawili itakuwa vibaya. Nikamwambia waende watatu, waombe kwa maandishi, na wabaki na nakala.