Gunia gani? Maana ya ufuatiliaji na tathmini ya sera za kilimo

“Mama, mwaka huu umevuna magunia mangapi?” Karani wa takwimu aliuliza hivyo kwenye kibaraza cha nyumba moja huko Witu, kaunti ya Lamu, Kenya, kidole tayari kiko juu ya kishikwambi. “Saba, mwanangu.” Akaandika saba. Mama hakuwa amemaliza. Mahindi mengine waliyala mabichi, ya kuchoma na ya kuchemsha. Mengine yaliuzwa shambani kabla ya kukauka, na nyani nao walichukua fungu lao. Halafu hayo saba yenyewe, mawili ni ya kilo 90, yaliyobaki ni ya kilo 50. Kwenye kishikwambi hapakuwa na mahali pa kuandika hayo.

Miezi ikipita, saba hiyo itachanganywa na za wengine iwe wastani, wastani uwe mstari kwenye ripoti, na kwa mstari huo mtu aliye mbali ataamua kama mpango wa mbegu uendelee au ufungwe. Shughuli yote hiyo, tangu kibarazani hadi kwenye uamuzi, ndiyo inayoitwa ufuatiliaji na tathmini.

Maneno haya mawili hutajwa pamoja hadi watu wakayaona kitu kimoja. Ufuatiliaji ni kuangalia kazi ingali inaendelea: mbegu zimefika? Zimefika kabla ya masika au mvua ikiwa imeshakatika? Waliopewa ndio waliokusudiwa? Tathmini huja na swali zito zaidi: je, hali ya mkulima imebadilika, na imebadilika kwa sababu ya mbegu hizo?

Lamu ina mfano wake. Boriti za mikoko zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, zikipakiwa jahazini. Hesabu hiyo ilimhakikishia nahodha kuwa shehena imetimia. Kuhusu faida haikumwambia neno. Hiyo ilijulikana baada ya kufika, kuuza, kuwalipa mabaharia na kurudi. Ripoti nyingi za kilimo nilizosoma huishia kwenye korija. Wakulima kadhaa walifunzwa, miche kadhaa ya mikorosho iligawiwa, picha ikapigwa. Lakini mche uliogawiwa bado si mkorosho. Unangojwa miaka mitatu au zaidi kabla ya korosho ya kwanza, na hapo katikati kuna kiangazi na kuna mbuzi.

Kile kinachochaguliwa kupimwa ili kiwakilishe mengine huitwa kiashiria. Ukichagua idadi ya miche iliyogawiwa, mradi utafaulu siku ya kugawa. Ukichagua miche iliyo hai baada ya miaka miwili, utalala na wasiwasi, lakini utajua jambo. Hata wakubwa huvutwa na kiashiria chepesi. Mwaka 2003, mjini Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Ahadi hiyo ikarudiwa mjini Malabo mwaka 2014, safari hii pamoja na makubaliano ya kukaguana kila baada ya miaka miwili. Ni vyema, ila asilimia 10 nayo ni korija: inahesabu pesa zilizopakiwa. Afadhali Malabo iliongeza vipimo vingine, kama vile njaa na umaskini.

Turudi kwenye magunia. Kuna njia ya kupima mavuno bila kutegemea kumbukumbu ya mtu. Kabla ya kuvuna, mpimaji huingia shambani, huchagua mahali kwa bahati nasibu (si pale mahindi yalipostawi, ambapo kila mwenye shamba hupenda kumpeleka mgeni), hupiga vigingi vinne na kuzungusha kamba. Tuseme ni mraba wa mita 5 kwa 5. Mahindi yaliyomo huvunwa, hukaushwa, hupukuchuliwa, hupimwa kwa mizani. Zikitoka kilo 5, ekari moja ni kama miraba 162 ya aina hiyo, kwa hivyo ni kilo 810, magunia tisa ya kilo 90 kamili. Mama aliyesema saba hakudanganya. Swali ndilo lilikuwa bovu.

Njia hiyo ni ghali, huchukua siku, na kwa mashamba yetu ina kichwa chake cha kuuma. Chini ya minazi utakuta mahindi, kati ya mahindi kunde, pembeni muhogo unaochimbwa kidogo kidogo mwaka mzima. Ekari hiyo ni ya nini? Fomu iliyotungwa kwa shamba la zao moja itamwandika mtu kuwa na ekari moja ya mahindi yenye mavuno haba, na chakula kingine chote kinamezwa na hesabu.

Sasa tuseme tumepima vizuri na mavuno yamepanda. Yamepandishwa na nini? Septemba 2022 serikali ilishusha bei ya mbolea ya ruzuku kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50, na mwaka uliofuata ikafika 2,500. Lakini kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 sehemu nyingi za mashariki na kaskazini mwa Kenya zilikuwa kwenye ukame mkali, mvua zikikosekana msimu baada ya msimu. Mwenye kulinganisha mavuno ya 2022 na ya 2023 atausifu mpango wowote uliokuwepo, hata kama ulikuwa wa kugawa kofia. Kazi ya mbolea na kazi ya mawingu zimefungwa furushi moja.

Njia ya kulifungua ni kuwatafuta waliopata mvua ile ile bila kupata mbolea, kisha kuwalinganisha na waliopata vyote. Hapa pia kuna mtego. Mkulima wa kisiwani Pate, anayelima tumbaku yake katikati ya magofu ya mji wa kale, akitaka mbolea ya ruzuku atajiandikisha, atangoja ujumbe kwenye simu, kisha atalipa nauli ya kuvuka maji kwenda ghalani na ya kurudi na mfuko. Anayefika ghalani mara nyingi ni yule aliyekuwa na uwezo kidogo tangu mwanzo. Mavuno yake yangemzidi jirani hata bila mbolea.

Tena Lamu ni ndogo: sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima. Uchunguzi wa kitaifa ukichukua sampuli, nyumba zinazoangukia Lamu ni chache, na hizo chache zinatakiwa kuwakilisha wakulima wa pamba na mahindi wa Mpeketoni na wavuvi wa Kiunga kwa pamoja. Wastani wa hao wawili ni mtu asiyeishi popote. Binafsi, nikisomewa takwimu ya kaunti, huuliza kwanza ni nyumba ngapi zilizotembelewa, na kama kuna aliyepanda mashua kwenda kuuliza.

Na huuliza ilikuwa ngapi kabla ya kuanza. Hiyo huitwa data ya msingi: kipimo cha siku mradi haujagusa kitu. Bila hiyo, “mavuno yameongezeka” ni maneno ya kufurahisha baraza.

Pale Witu, karani alipokuwa akikiingiza kishikwambi mkobani, yule mama alimuuliza, “Mwaka jana alikuja mwenzako akaandika pia. Aliandika ngapi?” Karani akafungua tena, akatafuta. Fomu ya mwaka huu ilianza upya. Ya mwaka jana haikuwemo.