Je, Wajua Kwa Nini Pikipiki Iliyoegeshwa Ikiwa Nzima Hugoma Kuwaka Baada ya Majira ya Baridi?

Katika nchi zenye theluji na barafu, pikipiki nyingi huingizwa ndani baridi inapoanza na kutolewa miezi minne au mitano baadaye. Iliingia ikiunguruma vizuri, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Siku ya kuitoa, mwenyewe anafungua ufunguo, anabonyeza stata, na injini haiwaki. Imeharibikaje ilhali ilikuwa imesimama tu?

Mara nyingi hakuna kilichovunjika. Kusimama kwenyewe ndiko kulikofanya kazi hiyo. Pikipiki isiyotumika hupoteza vitu viwili polepole: umeme uliomo kwenye betri, na zile sehemu nyepesi za petroli ambazo injini baridi huzitegemea ili ishike moto. Kwa hiyo anayeanza kwa kufungua kichwa cha injini anajitafutia kazi isiyo na sababu. Pistoni na valvu haziharibiki kirahisi kwa kulala miezi minne. Tatizo huwa nje ya hapo, na mara nyingi ni dogo kiasi cha kushangaza.

Anza na swichi. Swichi nyekundu ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani huenda iliguswa wakati wa kufuta vumbi au kufunika pikipiki. Standi ya pembeni ikiwa chini, pikipiki nyingi za kisasa hukataa kuwaka zikiwa kwenye gia. Nyingine hutaka pia klachi ikamatwe. Kama kuna koki ya mafuta chini ya tangi, hakikisha imefunguliwa. Ukaguzi huu hauchukui hata dakika moja.

Kisha betri, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Taa inawaka, honi inalia, basi wanasema betri ni nzima. Lakini taa kubwa hutumia ampea nne au tano hivi, wakati mota ya stata kwenye pikipiki kubwa huweza kunyonya zaidi ya ampea 100 kwa mkupuo mmoja. Betri iliyochoka humudu taa na kushindwa kabisa na stata. Dalili yake ni ule mlio wa “tik-tik-tik” ukibonyeza kitufe: rilei (swichi ya umeme inayoiunganisha stata na betri) inafunga, umeme unaporomoka, rilei inaachia, inafunga tena.

Mita ya umeme itakueleza zaidi ya macho. Betri ya kawaida ya asidi na risasi, ya volti 12, ikiwa imejaa na imepumzika husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi. Ikifika 12.0 au chini yake, usiendelee kuisumbua stata, ichaji kwanza. Kinachoishusha hata pikipiki ikiwa imezimwa ni mambo mawili. Kemia ya ndani hujipoteza yenyewe taratibu, na saa, kengele ya wizi na kumbukumbu ya kompyuta ya injini huendelea kunyonya kidogo kidogo mchana na usiku.

Betri tupu hudhurika pia. Salfeti ya risasi inayojengeka kwenye sahani zake ikiachwa muda mrefu hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi kuziyeyusha vizuri. Ndiyo maana betri iliyolala tupu majira yote ya baridi huchajiwa, ikaonyesha volti nzuri, kisha ikaanguka mara tu stata inapoguswa. Baridi kali huongeza hatari: asidi ya betri iliyojaa haigandi mpaka baridi ifike karibu nyuzi 60 chini ya sifuri, lakini ya betri tupu huweza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasua kasha. Betri iliyovimba au kupasuka usiichaji, itoe.

Kuna jambo moja ambalo wenye pikipiki za sindano za mafuta, zinazonyunyizia petroli kwa kutumia umeme, hulisahau. Pikipiki ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa bila kuhitaji umeme, huenda ikawaka kwa kusukumwa hata betri ikiwa dhaifu. Ya sindano inahitaji umeme wa kuendesha pampu, kompyuta na sindano zenyewe. Betri ikiwa imekufa kabisa, utaisukuma mpaka uchoke na haitatoa hata dalili ya kuwaka.

Tuseme betri ni nzima na stata inazungusha injini kwa nguvu, lakini moto haushiki. Sasa tuingie kwenye petroli, ambako ndiko kwenye kiini cha swali letu.

Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya kampaundi, wala si kitu kimoja. Butani, iliyo miongoni mwa nyepesi zaidi, huchemka karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi. Zile nzito huchemka zikikaribia nyuzi 200. Na kinachoungua ndani ya silinda ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, si petroli ikiwa kimiminika. Injini ikiwa ya moto, hata sehemu nzito hugeuka mvuke. Injini ikiwa baridi, ni zile nyepesi pekee zinazoweza kufanya hivyo. Bahati mbaya, hizo hizo nyepesi ndizo za kwanza kupotea hewani pikipiki inapokaa. Kinachobaki bado kina harufu ya mafuta na bado kitaungua ukikiwasha, lakini hakiwezi kuamsha injini baridi.

Kwenye kabureta hali huwa mbaya zaidi. Bakuli lenye boya hubeba mafuta kidogo tu, na lina tundu la kupumulia lililo wazi kwa hewa. Mafuta hayo hupungua, yakachanganyika na oksijeni, yakaacha utando unaonata wa rangi ya kahawia. Utando huo hukaa ndani ya jeti, vile vipande vyenye tundu dogo la kupimia mafuta. Jeti ndogo, ile inayolisha injini inapounguruma bila kupigwa resi, ina tundu la takribani nusu milimita au pungufu ya hapo. Utando mwembamba tu unatosha kuliziba. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakinunua koili, plagi na hata betri mpya wakati tatizo lote lilikuwa ndani ya tundu lisilopitisha hata pini.

Dalili yake inatambulika kirahisi: pikipiki inawaka ukivuta choki, lakini ukiirudisha tu inazima. Choki ina njia yake ya kuongeza mafuta, kwa hiyo inaziba pengo la jeti ndogo kwa muda.

Kabla ya kufungua chochote, tafuta skrubu ya kumwagia mafuta chini ya bakuli la kabureta. Imwage petroli ya zamani kwenye chombo, uikague. Iliyochacha huwa imekolea rangi na ina harufu kali inayofanana na rangi ya kupakia ukuta. Ukiona matone yanayotengana chini ya chombo, hayo ni maji. Ondoa pia mafuta ya tangini, weka mapya, kisha jaribu tena. Mara nyingi hapo ndipo safari ya fundi inapoishia. Ikishindikana, jeti itolewe na kusafishwa kwa dawa ya kusafishia kabureta na hewa ya kompresa. Usiichokonoe kwa waya wa chuma: jeti ni ya shaba nyeupe, laini, na tundu likipanuka hata kidogo injini haitapata kipimo sahihi tena.

Petroli iliyochanganywa na ethanoli ina kasoro yake. Ethanoli huvuta unyevu. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli hubeba maji yanayokaribia nusu asilimia, na uwezo huo hupungua baridi inapozidi. Ukizidiwa, maji na ethanoli hujitenga na kuzama chini ya tangi, mahali pale pale mafuta yanapochotwa.

Mfumo wa sindano umefungwa vizuri zaidi, hivyo huvumilia muda mrefu. Ukifungua ufunguo, sikiliza: pampu inapaswa kuvuma kwa sekunde mbili au tatu kisha kunyamaza. Kimya kabisa maana yake ukague fyuzi, rilei na pampu.

Ukishazungusha injini kwa sekunde chache bila mafanikio, fungua plagi. Ikitoka kavu, mafuta hayafiki. Ikitoka imelowa, mafuta yanafika lakini cheche ni dhaifu au injini imezidiwa na mafuta. Ikaushe au weka mpya. Na kama kila kitu kinaonekana sawa, kagua chujio la hewa na mdomo wa eksozi. Panya hupenda sana sehemu kavu na zilizositirika kama hizo.

Wako wanaoamini kwamba dawa ni kuiwasha pikipiki dakika tano kila baada ya wiki mbili wakati wa baridi. Siungi mkono desturi hiyo. Kuungua kwa lita moja ya petroli huzalisha takribani lita moja ya maji. Injini yenye moto hutoa maji hayo yakiwa mvuke. Iliyowashwa kwa muda mfupi huyaacha ndani ya eksozi na mengine huingia kwenye oili. Tena stata hula umeme mwingi kuliko dakika hizo za kuunguruma zinavyoweza kurudisha. Bora kuiacha ilale: tangi lijazwe petroli mpya yenye dawa ya kuizuia isichache, injini iunguruzwe kidogo ili dawa ifike kote, bakuli la kabureta limwagwe, na betri iwekwe kwenye chaja inayojirekebisha yenyewe ikijaa.

Ikiwaka, iwe nje au mlango uwe wazi kabisa, maana kaboni monoksidi haina harufu na huua haraka katika chumba kilichofungwa. Moshi mweupe wa mwanzo ni mvuke wa maji, utaisha. Wa bluu usioisha ni oili inayoungua. Usiizime mapema, ikaguliwe upepo wa matairi na breki, kisha iendeshwe nusu saa au zaidi, mpaka injini na eksozi vipate moto wa kutosha kukausha unyevu wote.