Mzio wa jua: ngozi nyeusi nayo huupata

Mzio wa jua, au aleji ya jua kama wengi wanavyouita, ni hali ya ngozi kuwasha, kuvimba, kutoka vipele au malengelenge kwa kiasi cha jua ambacho watu wengine hawakijali. Anayeungua kwa kukaa juani kutwa ana tatizo jengine. Mwenye mzio hutoka uani kuanika nguo tu, akarudi ndani anajikuna.

Visiwani petu Zanzibar jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, na wengi huamini kuwa mtu mweusi jua halimdhuru. Ni kweli rangi ya ngozi, melanini, hukinga sana dhidi ya kuungua. Lakini mzio wa jua haiuzuii, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kinachoonekana ni weusi uliozidi, ukavu na vipele vidogo vidogo, ndiyo maana mara nyingi huchukuliwa kuwa fangasi au joto.

Jina ni moja, mambo ni mawili. La kwanza hasa si mzio: ni kemikali iliyopo juu ya ngozi au ndani ya mwili, ambayo ikipigwa na miale ya jua huunguza chembe za ngozi. Yeyote huweza kupata, ilimradi kemikali na jua vitoshe.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni ndimu. Ganda lake na maji yake yana kemikali ziitwazo furanokumarini. Mtu anakata ndimu za achari, anazitia chumvi, anazianika, na mikono hajaiosha. Siku hiyo haoni kitu. Kesho yake, au keshokutwa, pahala palipoingia maji ya ndimu panachoma na kutoa malengelenge, kisha hubaki alama nyeusi wiki kadhaa au miezi. Alama hufuata njia ya maji yenyewe: michirizi kutoka kiganjani hadi kiwikoni, au matone kifuani. Mama aliyemshika mtoto kwa mikono yenye ndimu, mtoto akacheza juani, huweza kukuta alama za vidole mgongoni mwake, na majirani wakadhani kapigwa. Jambo hili naomba lijulikane sana, maana mzazi anaweza kusingiziwa. Alama hizo huondoka zenyewe. Kuzipaka mkorogo ni kuongeza tatizo juu ya tatizo.

Dawa za kumeza nazo zimo. Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, inajulikana sana kwa hili, kotrimoksazoli ya kundi hilo pia, na dawa ya presha ya kuongeza mkojo iitwayo haidroklorothiazaidi. Uso, shingo na mikono huchoma ndani ya saa chache za kuwa juani. Ukishuku dawa, rudi kwa aliyekuandikia akubadilishie. Kuacha dawa ya presha kimya kimya ni hatari kubwa kuliko vipele.

Jambo la pili ndilo mzio wenyewe: kinga ya mwili inakasirishwa na kile jua lilichokibadilisha ngozini. Wengine hutokwa na vipele vya kuwasha saa kadhaa au siku moja baada ya jua, vikakaa siku kadhaa. Wengine huvimba mabaka ndani ya dakika chache, yakapotea siku hiyo hiyo. Manukato na jeli za maumivu zenye ketoprofeni huweza kuwa chanzo, na hapo vipele hujitokeza siku moja mpaka tatu baadaye, wakati mtu ameshasahau alichopaka.

Ili kujua kama jua ndilo lenye kosa, tazama pahala palipofichika. Chini ya kidevu, nyuma ya masikio na chini ya mkanda wa saa hubaki salama, wakati paji la uso, pua na mgongo wa kiganja vimeathirika. Kioo cha gari hakizuii miale yote, hivyo dereva wa daladala anaweza kuathirika mkono mmoja tu, ule wa dirishani.

Ushauri wa kukimbia jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ni mzuri kwa mtu wa ofisini. Kina mama wanaolima mwani hawana uchaguzi huo: wakati wa bamvua, siku za kujaa na kupwa sana, maji hupwa kabisa saa hizo hizo za asubuhi, na kazi hufanyika yakiwa yamepwa. Mchanga mweupe na povu la bahari hurudisha miale juu, na maji ya magotini hayaizuii yote. Kanga nyepesi ikirowa hupitisha miale zaidi kuliko ikiwa kavu. Bora nguo nzito yenye rangi ya kukoza na mikono mirefu, na kofia pana juu ya mtandio.

Vipele vya mashavuni na puani vikifuatana na maumivu ya viungo, uchovu na homa za mara kwa mara, mwambie daktari yote kwa pamoja, kwani lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, huanza hivyo kwa baadhi ya watu, hasa wanawake. Na midomo ikivimba au pumzi ikibana baada ya kutoka juani, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali saa ile ile.